Chelo, koncheto na hisia: maswali ninayoulizwa kila mara

Haya ni maswali ambayo vijana ninaowafundisha chelo (ala kubwa ya nyuzi jamii ya violini, inashikwa katikati ya magoti na kupigwa kwa upinde) hapa Dodoma, wazazi wao na walimu wa kwaya wanarudia kuniuliza, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mpiga chelo akikaa mbele ya okestra na koncheto kubwa ya zama za Romantiki, amwage moyo wote au ajizuie? Msimamo wangu nautoa mapema ili usipate shida ya kuutafuta: mi naamini anayejizuia vizuri ndo anayekugusa zaidi, ila lazima awe na kitu cha kuzuia.

## Mambo ya msingi

Koncheto ni kitu gani, na hizo zama za Romantiki ndo zipi?

Koncheto ni kazi ndefu ambayo mtu mmoja anapiga ala yake mbele na okestra nzima inamjibu, inambeba, saa ingine inabishana naye. Mara nyingi ina sehemu tatu, ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar ina nne. Zama za Romantiki ni karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa ya 20, kipindi ambacho watunzi waliandika mambo ya moyo wa mtu mmoja waziwazi kabisa, huzuni, hamu, kukumbuka waliokufa.

Kwa upande wa chelo zinazopigwa sana ni ya Schumann (1850), ya kwanza ya Saint-Saëns (1872), ya Mcheki Dvořák (1895) na ya Elgar (1919). Hiyo ya Elgar kimiaka imechelewa, wenzake walishahamia mitindo mingine, lakini roho yake ni ya zama hizo so naihesabu humu humu.

Kujizuia si ndo kupiga bila hisia?

Hapana, na hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Fikiria msibani, mtoto wa marehemu anasoma wasifu wa baba yake. Akianza kulia toka sentensi ya kwanza watu mtamuonea huruma lakini hamtasikia baba alikuwa mtu wa aina gani. Sasa yupo yule anayesoma kwa sauti ya kawaida, mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, halafu anafika kwenye jina la mama yake aliyebaki na sauti inakatika hapo hapo, neno moja tu, anameza mate anaendelea. Uwanja mzima unalia. Huyo hisia anazo, tena nyingi, ila amekataa kuzitoa mpaka pale ambapo zimemshinda.

Mpiga chelo anayejizuia vizuri anafanya hivyo. Anayepiga bila hisia ni mtu mwingine kabisa, yeye hata hilo jina akifika analipita kama mengine. Ukiwasikia kwa dakika mbili za mwanzo unaweza kuwachanganya, ndo maana nawaambia watu msihukumu kabla sehemu ya kwanza haijaisha.

Kama nota zote zimeshaandikwa, mpiga ana uhuru gani?

Anao mwingi kuliko watu wanavyodhani, ila hauko sawa kwa kila mtunzi. Elgar alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, wapi ongeza, wapi punguza, wapi shikilia kidogo, wapi songa, kurasa zake zimejaa alama mpaka mwanafunzi mpya anashtuka. Dvořák naye, baada ya okestra kupiga peke yake zaidi ya dakika tatu chelo inaingia, na juu ya nota hizo ameandika ipigwe kana kwamba mtu anabuni papo hapo. Yaani uhuru wenyewe umeagizwa!

Kinachobaki kwako ni kiasi. Alama inasema punguza sauti, haisemi upunguze mpaka wapi. Inasema chelewa kidogo, kidogo cha nani? Hapo ndo wapiga wawili wanaosoma karatasi moja wanaachana njia, na hapo ndo mabishano yote ya ukurasa huu yanapotokea.

## Kinachotokea mikononi

Hisia kwenye chelo inatoka wapi, si kwenye ule mtikisiko wa kidole?

Ule mtikisiko, vibrato, ndo unaoonekana kwa macho kwa hiyo watu wanaupa sifa zote. Mi nakwambia mkono wa kulia, wa upinde, ndo unabeba zaidi ya nusu ya kazi. Upinde una mambo matatu tu: unauvuta kwa kasi gani, unaweka uzito kiasi gani, na unagusa nyuzi karibu na daraja (kile kibao kinachoziinua nyuzi) au mbali nalo. Ukienda karibu na daraja polepole na uzito, sauti inakuwa nene na ya kukaza. Ukienda mbali kidogo na kasi, inakuwa na pumzi. Kila rangi unayoisikia kwa wapiga wakubwa ni mchanganyiko wa hayo matatu.

Kosa la kawaida la kijana mwenye hisia nyingi ni kukandamiza. Anataka kusikika juu ya okestra, na kweli chelo ina shida hiyo, sauti yake ya kati inamezwa haraka na okestra ikishapanda, basi anabonyeza, na nyuzi ikibonywa kupita kiasi inashindwa kutetemeka vizuri, sauti inasagika inazidi kuwa ndogo. Aachie uzito, asogee karibu na daraja, apate sauti bila kugombana na ala.

Vibrato ukipenda kuielewa fanya hivi: chukua mstari mmoja uupige wote bila kutikisa kidole, nota zimenyooka kabisa. Halafu urudie na utikise kwenye nota moja tu, ile unayoona ndo yenyewe. Utashangaa hiyo nota inavyong'aa. Zamani, kabla ya karne ya 20 haijakolea, wengi waliitumia kwa kuchagua hivyo, hii ya kutikisa mwanzo mwisho bila kupumzika ilikuja kuwa kawaida baadaye.

Mbona saa ingine anachelewa, ni mapigo yamemshinda?

Kama ni mpiga mzuri basi amechelewa makusudi, inaitwa rubato, anakopa muda kwenye nota hii anarudisha kwenye ile. Neno la muhimu ni anarudisha. Mwanafunzi anakopa kila mahali, mwisho mstari unakosa mwendo kabisa, msikilizaji hajui tena pigo liko wapi na ukishapoteza pigo hata hilo kuchelewa halina maana, manake umechelewa kulinganisha na nini?

Tena kumbuka nyuma yake wamekaa watu 60 au 70 wanaotakiwa kumfuata. Kila anapovuta muda, kondakta, yaani anayeongoza okestra, anavuta na watu wote hao. Kwa hiyo kwenye koncheto kuna kujizuia kwa lazima ambako mtu anayepiga peke yake hana.

Kuteleza kutoka nota moja kwenda nyingine ni ushamba?

Hapana, kulikuwa ndo lugha ya kawaida. Sikiliza rekodi ya Elgar ya mwaka 1928, Beatrice Harrison anapiga na Elgar mwenyewe anaongoza okestra, utasikia kidole kinateleza waziwazi sehemu nyingi ambazo mpiga wa leo angeruka safi. Lakini hapo hapo mwendo wao unasonga, hawakai kwenye nota kulia nayo. Mi rekodi hiyo naipenda sana kwa sababu inavunja ule mgawanyo rahisi wa watu wa hisia huku na watu wa kujizuia kule. Harrison anateleza sana na anajizuia kwenye mwendo, wote wawili ndani ya mtu mmoja.

Kwa mwanafunzi: teleza kwa kuchagua, na uwe na sababu. Mara mbili kwenye mstari mmoja tayari ni nyingi.

Kukunja uso na kujitikisa kunahesabika?

Kwenye sauti hakuongezi kitu chenyewe, ila kwa watazamaji kunahesabika mno. Kuna utafiti wa Chia-Jung Tsay uliotoka 2013, watu walioneshwa vipande vya mashindano ya muziki, na walioangalia video bila sauti walikisia washindi vizuri kuliko waliosikiliza sauti tu, wanamuziki wenye ujuzi nao wakiwemo. Inauma kidogo kwa sisi tunaohangaika na sauti usiku na mchana.

Mpiga chelo Mwingereza Jacqueline du Pré alikuwa anajitupa na ala mwili mzima. Mwenzake János Starker, Mhangaria aliyefundisha miaka mingi chuo kikuu cha Indiana huko Marekani, alikaa kama mtu anayesaini fomu, na alishikilia kwamba kazi ya mpiga ni kumsisimua msikilizaji, mpiga mwenyewe kusisimka ni jambo lingine. Ushauri wangu kwa vijana ni kujirekodi kwa simu halafu kusikiliza simu ikiwa imelala kifudifudi. Kama ile hisia uliyoiona usoni haipo kwenye sauti, ilibaki usoni.

## Kazi zenyewe

Elgar nianze na rekodi gani, na du Pré si anazidisha?

Anza na du Pré, ile ya 1965 na London Symphony Orchestra, John Barbirolli akiongoza. Alikuwa na miaka 20. Watu wengi duniani wameijua koncheto hii kupitia mikono yake, kabla ya hapo haikuwa inapendwa hivyo. Onyesho la kwanza lenyewe, London, tarehe 27 Oktoba 1919, lilikwenda vibaya kwa sababu okestra haikupata muda wa kutosha wa mazoezi, na kazi ikakaa kivulini miaka mingi.

Anazidisha? Wapo waliomwambia hivyo toka enzi hizo, na Barbirolli ndo alimtetea, kwa maana kwamba kijana anatakiwa awe na ziada, la sivyo akikua atapunguza nini. Nakubaliana naye kabisa, na Barbirolli alikuwa mpiga chelo kabla hajawa kondakta so alijua anachosema. Lakini sikiliza tena kwa makini, maana watu wanamkumbuka kwa moto wakasahau anavyonong'ona. Ile sehemu ya tatu, Adagio (yaani polepole), fupi, dakika tano hivi, chelo inaimba karibu bila kupumzika, na yeye sehemu kubwa anaipiga kwa sauti ya chini ambayo inabidi uinamie spika.

Halafu ucheki mwanzo wa koncheto. Chelo inafungua peke yake na mapigo makubwa ya nyuzi kadhaa kwa pamoja, mazito. Baada ya hapo viola, ndugu wa violini wenye sauti nzito kidogo, zinaleta wimbo mkuu, zenyewe tu, kimya kimya, bila pambo lolote. Chelo inaupokea ule ule. Kisha inapanda ngazi mpaka juu kabisa na okestra nzima inalipuka na wimbo. Sasa piga hesabu: ukimaliza nguvu zote kwenye yale mapigo ya kwanza, na ukaupamba wimbo wa viola mara ya kwanza tu unapoupokea, pale juu utakuwa na nini cha kutoa? Elgar ameweka njia ya kujizuia ndani ya karatasi yenyewe. Alikuwa mtu wa miaka 62, vita vya kwanza vya dunia vimeisha mwaka uliopita, mke wake anadhoofika na alifariki mwaka uliofuata. Huzuni ya umri huo haipigi kelele sana.

Na Dvořák? Ile si ya nguvu tu?

Ina nguvu, ndefu, dakika 40 hivi, na ndo maana inawapoteza watu. Siri yake iko kwenye dakika chache za mwisho. Dvořák aliiandika New York kati ya Novemba 1894 na Februari 1895. Akiwa bado anaiandika alipata habari kwamba Josefina, shemeji yake, ambaye ujanani alimpenda kabla hajamuoa mdogo wake, anaumwa sana, akaingiza kwenye sehemu ya pili wimbo wake mmoja ambao huyu dada aliupenda. Josefina alifariki Mei 1895, Dvořák ameshafika kwao Bohemia, na akarudi kwenye karatasi akaandika mwisho upya, mrefu, taratibu, ule wimbo unapita tena.

Rafiki yake Hanuš Wihan, mpiga chelo aliyemwandikia kazi hii, akataka aweke pale mwishoni kadenza, yaani sehemu ya chelo kujionyesha peke yake. Dvořák akakataa katakata, akamwandikia mchapishaji wake kwamba asiruhusu mtu yeyote kubadilisha, mwisho ushuke polepole kama pumzi, ukumbuke sehemu zilizopita, chelo izimike, ipande tena kidogo, ndo okestra ifunge kwa kishindo. Onyesho la kwanza London, 19 Machi 1896, alipiga Leo Stern.

Kwa hiyo kwenye hili sina ubaridi hata kidogo: anayepiga mwisho wa Dvořák kwa kujionyesha amekwenda kinyume na kitu ambacho mtunzi alikipigania kwa barua. Ukitaka kulinganisha chukua rekodi za wapiga chelo wawili, Pablo Casals, Prague 1937, na Pierre Fournier na Berlin Philharmonic mwanzoni mwa miaka ya 1960. Okestra zote mbili ziliongozwa na George Szell. Casals kila sentensi anaisema kana kwamba anakushika mkono. Fournier anaimba kwa upole wa mtu mwenye heshima zake, hapandishi sauti bila sababu, na mwisho wake mi unanitoa machozi kuliko wa mtu yeyote.

Schumann mbona hamna anayeiuliza?

Kwa sababu haina mahali pa kupigiwa makofi. Sehemu zake tatu zimeunganishwa bila kusimama, okestra inakaa nyuma, na Schumann hakuwahi kuisikia ikipigwa hadharani, ilipigwa hadharani mara ya kwanza 1860 yeye ameshafariki. Jifunze hiyo ukishazijua hizo mbili za juu.

## Huku kwetu

Watu wa Dodoma wataelewa kweli huu muziki wa kujibana?

Wataelewa, wameshauelewa zamani. Wagogo wana zeze, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na kibuyu chake, kwa hiyo kijana wa Chamwino akishika upinde wa chelo sio kwamba anaanza na kitu kisichojulikana kwao. Sikiliza rekodi za mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa huku 1938 na kufariki 2003, Mwalimu Nyerere alimchukua akaenda kufanya muziki Dar es Salaam, baadaye akawa Bagamoyo na akazunguka dunia. Sikiliza ala inavyorudia mzunguko wake, haibadiliki, haina haraka, huku sauti yake ikishuka chini kabisa halafu inapanda juu mpaka nywele zinasimama. Ule mzunguko uliotulia ndo unafanya ile sauti iume. Mzunguko ungeyumba kila anapohisi kitu, usingesikia alichohisi.

Hiyo ndo siri ya rubato niliyoieleza huko juu kwenye swali la kuchelewa, kwamba pigo lisipotee, na vijana wangu wanaielewa haraka zaidi nikiwawekea Zawose kuliko nikichora ubaoni.

Kiangazi sauti ya chelo yangu inakuwa kali na kavu, nikaze zaidi?

Usikaze. Huku mvua ikikata inakata kweli kwa miezi, hewa inakauka, mbao inasinyaa, vishikio vya nyuzi vinateleza na sauti inabadilika. Mwanafunzi anaona sauti imekuwa nyembamba anaanza kubonyeza, anajikuta kwenye shida ya kukandamiza niliyoisema kwenye swali la mkono wa upinde. Iweke ala kwenye kesi yake ukimaliza, mbali na dirisha na bati, ndani weka kisahani cha sabuni chenye matundu na sponji yenye unyevu kidogo isiyodondosha maji. Vumbi la nyuzi lifute kila siku.

Nikipiga kanisani na kwaya nifuate kanuni hizi hizi?

Karibu zote, ila kwaya ina maneno na maneno ndo yanaongoza. Ubeti wa kwanza nota zilizonyooka, bila kutikisa sana, mpishe muimbaji. Ukitaka kufunguka subiri kiitikio cha mwisho.

## Mambo ya pembeni

Mwanafunzi wangu ana hisia kupita kiasi, nimkate?

Usimkate, mpe kazi ya kuchagua. Mwambie kwenye ukurasa huu una ruhusa ya kufunguka sehemu moja, chagua, na unieleze kwanini hapo. Atalalamika, atachagua vibaya mara ya kwanza, atabadilisha. Yule ambaye hana kabisa ndo mgumu, kwa huyo mwambie aimbe mstari kwa mdomo kwanza bila ala, mara nyingi hisia ipo ila mikono haijaijua.

Na ikinishinda nikalia jukwaani?

Imewatokea wakubwa. Tarehe 21 Agosti 1968 mpiga chelo wa Kisovieti Mstislav Rostropovich alikuwa Royal Albert Hall, London, na okestra ya taifa ya Urusi ya Kisovieti, kupiga Dvořák. Usiku wa kuamkia siku hiyo vifaru vya nchi yake vilikuwa vimeingia Czechoslovakia, kwao Dvořák. Nje watu wanaandamana, ndani wengine wanapiga kelele, na yeye akapiga huku machozi yanamtoka, akimaliza akainua juu karatasi za muziki za Dvořák watu wote wazione. Rekodi yake ipo. Moto ni mkali na mwendo unasukuma, ila sikiliza upinde, haujatetemeka, kila nota ipo. Machozi hayakumzuia mkono, na hiyo inatokana na miaka ya kazi iliyotangulia.

Kondakta akitaka mwendo tofauti na wangu?

Mzungumze kabla ya mazoezi, na nota mkononi. Mbele ya okestra usibishane.

Nimemsikiliza Fournier kwenye simu, sijasikia kitu, kweli huyu ana hisia?

Umesikiliza spika ya simu, tena pengine ndani ya daladala. Nyuzi nene ya chelo ikiwa wazi inatetemeka mara 65 hivi tu kwa sekunde, sauti ya chini sana, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa vizuri, inakupa kivuli chake tu. Na zile sehemu za kunong'ona, ambazo kwa mpiga anayejizuia ndo kuna kila kitu, zinamezwa na kelele za barabarani. Anayepiga kwa nguvu mwanzo mwisho anapita kwenye simu bila shida, kwa hiyo simu inampendelea. Vaa hedifoni, kaa chumbani usiku watu wakishalala, weka sauti kiwango kimoja usiiguse mpaka mwisho, hata ukiona imeshuka sana. Ikishuka sana ndo usikilize.